Mbu, boti na laini mbili za simu

Tangu tutoe kile kipindi cha kazi zetu na jinsi wazazi wanavyozieleza kwa watu, swali moja limerudi kwenye meseji zenu kuliko yote: "Sasa wewe unafanya nini hasa?" Haki yenu. Mamaangu akiulizwa na wenzake hujibu, "Huyu anafanya kompyuta," na hapo hapo mazungumzo yanahamia kwa mdogo wangu ambaye ni mfamasia, kazi inayoeleweka. Mimi ni mtu wa takwimu. Naunda modeli za magonjwa. Yaani naandika kwa hesabu jinsi ugonjwa unavyopita kutoka kwa mtu hadi mtu, naiachia kompyuta iiendeshe hesabu hiyo mara elfu kadhaa, kisha nalinganisha matokeo na yale yaliyotokea kweli.

Lakini leo sitaki kuzungumzia meza yangu. Nataka kuwaeleza kazi ya watu wengine, iliyoanza zaidi ya miaka mia iliyopita na ikafika hadi kwenye kisiwa ambacho wengi wetu tunakwenda kila Julai. Ni hesabu za malaria. Na mwisho wake zinatuhusu sisi, wenye pasi za huku na bibi wa kule.

Shangazi na meseji ya vitunguu thaumu

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja: mfumo changamani. Saa ya ukutani ina sehemu nyingi, lakini ukiifungua unaweza kufuata gurudumu moja hadi jingine na ukajua kila moja linafanya nini. Mfumo changamani hauko hivyo. Sehemu zake zinaathiriana, na athari inarudi ilikotoka. Hali ya hewa iko hivyo, bei za sokoni ziko hivyo, samaki wa baharini na wavuvi wao wako hivyo, na magonjwa ya kuambukiza yako hivyo hivyo.

Chukua kundi la familia la WhatsApp. Shangazi anatuma ujumbe kwamba ukinywa maji ya vitunguu thaumu kila asubuhi huugui tena. Tuseme kila anayeupokea anawatumia watu wawili wapya. Wanakuwa 2, kisha 4, kisha 8, na ikifika hatua ya kumi ni watu 1,024 wanaoupokea kwa mpigo. Sasa tuseme katika kila watu kumi wanaoupokea, ni tisa tu wanaomtumia mtu mmoja mpya. Utazunguka kidogo, utapungua, utakufa. Ujumbe ni ule ule, shangazi ni yule yule. Kinachoamua ni namba moja: kila anayepokea anazaa wapokeaji wangapi? Ikiwa juu ya 1, moto unawaka. Ikiwa chini ya 1, unazimika wenyewe.

Namba hiyo ndiyo moyo wa habari yote hii.

Daktari aliyependa hesabu

Ronald Ross alikuwa daktari wa Kiingereza aliyezaliwa India mwaka 1857. Agosti 1897, akiwa Secunderabad, aliona kwa darubini vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Mwaka 1902 akapata Tuzo ya Nobel. Vitabu vingi vya skuli vinamwacha hapo.

Yeye hakuishia hapo. Baada ya kujulikana kwamba mbu ndio wabebaji, watu walimpinga kwa hoja ambayo hata leo inaonekana ya akili: kwani nani ataweza kuua mbu wote? Akibaki mmoja, si malaria nayo itabaki? Ross alitumwa Mauritius, kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichokuwa kimeteswa na malaria tangu miaka ya 1860, na katika ripoti yake ya 1908 akajaribu kujibu kwa hesabu. Katika toleo la 1911 la kitabu chake kuhusu kuzuia malaria, alizikamilisha.

Jibu lake lilikuwa hili: huhitaji kuua mbu wote. Kuna kiwango. Mbu wakiwa wachache kuliko kiwango hicho kwa kila mtu, kila mgonjwa anazaa chini ya mgonjwa mmoja mpya, na ugonjwa unakwisha polepole hata kama mbu bado wapo. Ni ile namba ya shangazi, miaka mingi kabla ya simu.

Hesabu hizi zikavuka mipaka ya udaktari. Mwaka 1923 Alfred Lotka alizichambua hesabu za malaria za Ross. Ni Lotka huyo huyo ambaye jina lake liko kwenye hesabu za mnyama anayewinda na anayewindwa, zinazofundishwa mpaka leo kwa wanafunzi wa baiolojia na wa uchumi. Uzuri wa modeli ndio huo. Mbu, sungura na meseji za shangazi ni vitu tofauti kabisa, lakini namna vinavyozaana na kuzuiana inaweza kuandikwa kwa lugha moja.

Siku kumi za mbu

Miaka ya 1950 akaja George Macdonald wa London, akauliza swali jingine: katika mnyororo huu wote, ukitaka kuukata, ukate wapi?

Hebu tupige hesabu pamoja, si ngumu. Mbu jike akimuuma mgonjwa, vimelea vinahitaji kama siku kumi kukomaa ndani yake, kutegemea joto. Kabla ya hapo hawezi kumwambukiza mtu. Na siku kumi kwa mbu ni umri mkubwa! Tuseme kila siku mbu 90 katika 100 wanaiona kesho. Baada ya siku kumi wamebaki kama 35. Sasa tuseme umepuliza dawa ukutani, na kila siku wanaoiona kesho ni 80 katika 100. Baada ya siku kumi wamebaki 11 tu. Na hao 11, siku walizobakiwa nazo za kuuma watu ni chini ya nusu ya zile za mwanzo. Ukizidisha yote mawili, hatari imepungua karibu mara saba, na hukuua hata kiluwiluwi mmoja kwenye dimbwi.

Halafu kuna kuuma kwenyewe. Ili malaria ipite, mbu anahitaji kuuma mara mbili: mara ya kwanza kuichukua, mara ya pili kuitoa. Kwa hiyo ukipunguza mbu kwa nusu, hatari inapungua kwa nusu. Lakini ukipunguza kuumwa kwa nusu, hatari inabaki robo. Ndiyo maana chandarua chenye dawa ni kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana: kinazuia kuumwa na kinafupisha umri wa mbu kwa pamoja. Bibi alipokuwa akitufokea tukilala bila chandarua alikuwa na hesabu upande wake.

Ila modeli nzuri inaweza kumfanya mtu ajiamini kupita kiasi. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kampeni ya kuifuta malaria duniani, kwa dawa ya DDT ukutani. Sehemu kubwa ya Afrika iliachwa nje, na mwaka 1969 shirika likabadilisha mwelekeo. Mwaka huo huo ulianza mradi mkubwa wa Garki, kaskazini mwa Nigeria, uliodumu hadi 1976. Dawa ikapulizwa nyumbani na watu wakapewa dawa za kumeza kwa wingi. Malaria ilishuka, lakini haikukatika. Garki ilikuwa na sehemu ambako mtu mmoja angeumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 100 kwa mwaka. Ukianzia juu namna hiyo, unaweza kushuka sana na bado ukawa juu ya 1. Watafiti walitengeneza modeli mpya kutokana na data ya Garki, na funzo lake limebaki: kabla ya kuahidi, jua unaanzia wapi.

Kisiwa kilichokaribia

Sasa tuje nyumbani. Unguja na Pemba zilipuliziwa dawa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasimama, na malaria ikarudi. Waliokuwa watoto miaka ya 1970 na 1980, yaani wazazi wetu wengi, ni watoto wa ile kurudi.

Safari ya pili ilianza mwaka 2003, dawa mpya za mseto zilipoingia kwenye vituo vya afya vya Zanzibar. Mwaka 2006 vikaja vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na upulizaji ukarudi. Ndani ya miaka michache, waliokuwa na vimelea walishuka hadi chini ya mtu 1 katika kila watu 100 waliopimwa. Mwaka 2009 wataalamu wa Zanzibar na wenzao wa nje wakakaa kujibu swali zito: je, inawezekana kuimaliza kabisa?

Hapo ndipo tatizo linabadilika sura. Zanzibar ni visiwa, lakini boti inatoka Dar es Salaam na kufika Unguja kwa saa mbili hivi. Hata kama ndani ya kisiwa namba iko chini ya 1, wagonjwa wapya wanaingia na abiria. Hesabu yake ni hii, na namba ni mfano wangu tu, si za Zanzibar. Tuseme kwa mwaka wanaingia wagonjwa 100 kutoka nje. Kama kila mgonjwa anazaa nusu ya mgonjwa, wale 100 wanazaa 50, wao wanazaa 25, na kuendelea; ukijumlisha wote unapata 200. Kama kila mgonjwa anazaa 0.9, jumla inafika 1,000. Wageni wale wale, mlango ule ule, ila mara tano ya wagonjwa, kwa sababu tu ndani ya nyumba watu wamelegeza vyandarua.

Kwa hiyo kulikuwa na maswali mawili. Namba ya ndani ni ipi? Na nani anaingia na vimelea, akitokea wapi?

Simu zinasema tumelala wapi

Swali la pili lilijibiwa kwa njia ambayo Ross asingeiota. Andrew Tatem na wenzake walipata kumbukumbu za simu za watumiaji 770,369 kwa miezi mitatu, majina yakiwa yameondolewa, na wakachapisha matokeo mwaka 2009. Kila ukipiga simu, mnara fulani unaipokea. Laini ya Unguja ikionekana kwenye mnara wa bara kwa siku tano, kisha ikarudi kusikika Unguja, hiyo ni safari. Ukiiweka safari hiyo juu ya ramani ya malaria, unaweza kukadiria uwezekano wa msafiri kurudi na vimelea.

Matokeo yalikuwa hivi. Safari nyingi zilikuwa fupi, na zilikuwa za kwenda Dar es Salaam, ambako hatari ni ndogo. Sehemu kubwa ya hatari ilibebwa na watu wachache: wale waliokwenda mikoa yenye malaria nyingi na kukaa muda mrefu. Uchambuzi uliofuata mwaka 2011, uliojumlisha na takwimu za abiria wa boti, ukaonyesha kwamba wakaazi wa Zanzibar wanaosafiri na kurudi huchangia zaidi kuleta malaria kuliko wageni wanaoingia.

Mwaka 2012 njia hiyo ikatumika Kenya kwa ukubwa zaidi, kwa simu karibu milioni 15. Ramani yake ilionyesha vimelea vikitoka hasa maeneo ya Ziwa Victoria, na vingi vikiishia Nairobi, ndani ya damu ya watu waliokwenda kuwaona ndugu zao na kurudi kazini.

Sasa, wewe msomaji mwenye shangazi Unguja lazima ushaanza kunyanyua mkono. "Lakini watu wana laini mbili!" Naam. Mtu ana laini ya visiwani na laini ya bara, akishuka boti anabadilisha, na kwenye data anapotea. Watoto hawana simu, na ndio wanaoumizwa zaidi na malaria. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima. Mnara unajua ulipopigia, haujui ulipolala, na mbu wa malaria anauma usiku. Watafiti waliofanya kazi Kenya walilipima tatizo la nani anamiliki simu mwaka 2013, na wakaona kwamba picha ya jumla ya safari haibadiliki sana. Sawa, lakini hiyo ni picha ya jumla, si ya kila mtaa. Na bado kuna swali ambalo hesabu hazilijibu: hakuna hata mmoja kati ya wale watu 770,369 aliyeulizwa kama anakubali. Mimi naona faida ilikuwa kubwa na tahadhari ilichukuliwa. Wewe unaweza kuona vingine, na mjadala huo ni wa haki.

Nani anayelaumiwa

Nimekaa sana na yale matokeo ya 2011, kwa sababu yanagusa kitu ambacho sisi tunakijua vizuri. Ugonjwa ukionekana unakuja kutoka nje, ulimi wa kwanza unamtafuta mgeni. Visiwani utasikia, "Hawa watu wa bara ndio wanatuletea." Huku tunakoishi tunasikia hayo hayo yakisemwa juu ya wazazi wetu, kwa lugha nyingine.

Modeli haikutafuta kumtetea mtu. Ilihesabu tu, na ikakuta mlango mkuu ni sisi wenyewe tunaporudi kutoka matembezini. Matokeo hayo yana maana kwenye kazi. Kama hatari ni wageni, utatamani kuwapima watu bandarini na kuwanyooshea kidole. Kama hatari ni wakaazi wanaorudi, kazi ni kuwapa ushauri na kinga kabla hawajasafiri, kuwapima haraka wakirudi na homa, na kuwafuata nyumbani wakikutwa nayo. Zanzibar ilichagua kufuatilia: kituo cha afya kikimpata mgonjwa kinatoa taarifa, na afisa wa wilaya anakwenda hadi nyumbani kwake kuwapima waliobaki. Tangu 2012 maafisa hao wametumia programu iitwayo Coconut kwenye vishikwambi vyao. Ndiyo, Nazi.

Kisiwa bado hakijamaliza. Lakini kimeshikilia kwa miaka mingi kitu ambacho mwaka 1968 kilikiachia, na kinajua kwa nini hakiwezi kupumzika.

Mtoto wa ami

Sasa sisi wa huku. Mwaka 2023 Uingereza iliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria, wote wakiwa wameipata nje. Wengi walitokea Afrika Magharibi, na wengi walikuwa watu waliokwenda kuwatembelea ndugu, si watalii wa hoteli. Watalii wanameza vidonge. Sisi tunasema, "Kwetu bwana, tumeizoea."

Mtoto wa ami yangu alikwenda Unguja wiki tatu. Hakubeba vidonge, maana nyumba nzima ilimwambia Unguja hakuna malaria. Katikati ya hizo wiki tatu kulikuwa na harusi Tanga, kijijini, usiku tisa. Aliporudi Uingereza akashikwa na homa siku ya kumi na mbili. Kliniki moja ikamwambia ni mafua, apumzike. Akarudi tena, akaambiwa mafua. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, naye hakusema, kwa sababu kichwani mwake alikuwa ametoka Unguja. Dada yake ndiye aliyempeleka hospitali usiku na kusimama pale mpaka damu ipimwe. Alilazwa siku kumi, nne kati ya hizo katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mungu amemweka.

"Unguja hakuna malaria" ni sentensi inayokaribia ukweli, na ilikaribia kumuua. Ni sentensi ya wastani. Zile simu zilikuwa zimeshatuambia kwamba hatari haiko kwenye wastani, iko kwenye safari chache za watu wachache. Usiku tisa za Tanga zilikuwa ndiyo ile safari.

Kwa hiyo kabla ya Julai, nne tu kutoka kwangu:

Moja, ukienda kwa mfamasia au kliniki ya wasafiri, taja safari nzima. Usiseme "Zanzibar" kama kuna harusi ya bara ndani yake. Wao ndio watakuambia vidonge gani.

Mbili, kinga ya mwili dhidi ya malaria hairithiwi kwa mapenzi ya nyumbani. Mama aliijenga kwa kuumwa mara nyingi utotoni, na akikaa huku miaka, inafifia. Wewe uliyezaliwa huku hukuwa nayo kabisa.

Tatu, ukirudi na homa, hata ikipita miezi, nenda siku hiyo hiyo na useme kwa sauti: "Nimetoka Afrika, nipimeni malaria." Usingoje uulizwe.

Nne, ukitoka bara kurudi kwa bibi Unguja na mwili unakuwasha moto, kapime huko huko. Wewe ni mmoja wa wale 100 wa mfano wangu. Watakaofuata ni majirani wa bibi.

Kipindi kijacho tutaendelea na mada hii na tunahitaji sauti zenu, au tuseme sauti za wazee wenu. Waulizeni kama wanawakumbuka wapulizaji wa zamani walioingia nyumba kwa nyumba kabla ya 1968, harufu ya dawa ukutani, na mwaka homa iliporudi. Warekodini kwa simu, dakika mbili zinatosha, mtutumie. Takwimu za miaka ile ni chache. Wazee wanaoikumbuka nao wanazidi kuwa wachache.